KUFUATILIA AU KUANDIKA? UHAKIKI WA ISTILAHI ZA KUMBUKUMBU ZA MATENDO YA WATEJA

Utangulizi

Istilahi mbaya haifi upesi. Ikishaingia katika barua za ofisi, katika vitabu vya shule na katika maandishi yanayotokea juu ya kioo cha simu, hukaa humo ikazaa nyingine za namna yake. Kwa sababu hiyo yafaa istilahi zipimwe zingali changa, kabla hazijazoeleka vinywani mwa watu. Makala hii inapima kikundi kimoja cha maneno ambayo wafasiri wetu wanakumbana nayo sana siku hizi, nayo ni maneno yanayohusu kuandika matendo ya wateja katika programu za kompyuta, hasa programu za JavaScript zinazofanya kazi kwenye seva.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili la mafundi linamhusu nini mwalimu wa Kilwa Kivinje, au karani wa halmashauri huko Lindi? Jibu ni kwamba linamhusu kila mwenye simu. Abiria anayekata tiketi mtandao ya basi kutoka Kilwa Masoko kwenda Dar es Salaam, mama anayenunua umeme wa LUKU bila ya kutoka nyumbani, mgeni anayetafuta nyumba ya kulala kabla ya kuvuka kwenda kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani: wote hao wanabonyeza, na kubonyeza kwao kwaweza kuandikwa mahali wasipopaona. Aghalabu huombwa kwanza wabonyeze neno "Nakubali" chini ya maelezo yaliyofasiriwa na mmoja wetu. Iwapo maelezo hayo hayaeleweki, kukubali kwao si kukubali.

Sheria nazo zimeliongezea jambo hili uzito. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe mtu huyo kusudi la kuzikusanya. Tume ya kuisimamia sheria hiyo ilizinduliwa mwezi wa Aprili, 2024. Basi neno analolichagua mfasiri leo mezani pake laweza kusomwa kesho mbele ya hakimu, na hakimu atauliza lina maana gani.

Kazi yenyewe ni ipi

Hapana budi tuanze na kazi yenyewe, maana mfasiri asiyeijua kazi hufasiri herufi tu. Lugha ya JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 ili itumike ndani ya kivinjari, yaani katika kifaa kilichomo mkononi mwa mtumiaji. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa mfumo wa Node.js, ambao uliiwezesha lugha hiyo kutumika sana kwenye seva, yaani katika kompyuta ya mbali inayopokea maombi na kuyajibu. Tangu hapo lugha moja yaweza kuandikiwa pande zote mbili, na fundi anayetaka kujua wateja wake wanafanya nini ana mahali pawili pa kuandikia: katika kifaa, au kwenye seva.

Uchaguzi huo si jambo dogo. Kumbukumbu inayoandikwa katika kifaa hupotea mara kwa mara. Mtandao hukatika, kivinjari huzuia, mtu hufunga ukurasa kabla haujamaliza kazi yake. Kumbukumbu inayoandikwa kwenye seva ni ya kuaminika zaidi, kwa sababu seva huiandika baada ya jambo kuthibitika, kama vile fedha kupokelewa. Ndiyo maana wafanyabiashara hupenda matendo makubwa, kama malipo, yaandikwe huko. Lakini faida hiyo ina upande wa pili. Yanayoandikwa katika kifaa, mwenye kifaa akiwa mjuzi aweza kuyaona na hata kuyazuia. Yanayoandikwa kwenye seva hawezi kuyaona hata akiwa mjuzi kiasi gani. Hapo hana kinga nyingine ila maelezo anayopewa na sheria inayoyasimamia maelezo hayo.

Kumbukumbu moja huwa na sehemu chache: nani alitenda, alitenda nini, lini, na sifa za tendo lenyewe. Abiria wetu wa Kilwa Masoko akilipa nauli, seva huandika nambari yake, jina la tendo, tarehe na saa, kisha sifa: kutoka Kilwa Masoko, kwenda Dar es Salaam, kiti kimoja, malipo kwa simu. Kumbukumbu hiyo aghalabu haipelekwi papo hapo. Hukaa katika foleni ndani ya seva pamoja na nyingine, na zikitimia idadi fulani, au muda fulani ukipita, zote hupelekwa kwa pamoja mahali pa uchanganuzi. Abiria hasubirishwi, tiketi yake hutoka huku kumbukumbu ingali katika foleni. Seva ikizimwa ghafla, zilizobaki katika foleni hupotea. Kwa hiyo fundi mwangalifu huiamuru programu ipeleke zote zilizobaki kabla ya kufungwa.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa tuyatazame maneno yake.

Neno "mteja"

Tatizo la kwanza ni kwamba neno moja limetwikwa mizigo miwili. Mteja katika biashara ni mtu, mnunuzi au mtumiaji wa huduma. Lakini mafundi wamelitumia neno hilo hilo kutaja programu inayoiomba seva huduma. Matokeo yake ni sentensi kama hii: "Kumbukumbu za mteja zisiandikwe upande wa mteja bali upande wa seva." Fundi ataielewa. Mwalimu wa sekondari atadhani kwamba mtu ana upande, na kwamba mtu huyo amenyimwa kitu.

Hatuna haja ya kulilaumu neno lenyewe. Mteja ni neno lililozoeleka mno, na kila Mtanzania aliyepiga simu isiyopatikana amelisikia sikioni mwake. Kosa ni kulihamishia kwenye mashine. Wako waliopendekeza liundwe neno la ngeli ya ki- kwa ajili ya mashine, lakini umbo litakalotokea litakuwa karibu sana na neno la mitaani la kumtaja mtu aliyezama katika dawa za kulevya. Njia iliyo nyoofu ni kutaja mahali. Tuseme upande wa kifaa na upande wa seva. Kifaa ndicho kilichomo mkononi mwa mtu. Seva iko mbali naye. Mkulima wa Nanjirinji ataielewa tofauti hiyo bila ya kufundishwa kompyuta, na fundi hatapoteza chochote. Neno mteja libaki la mtu peke yake.

Neno "tukio"

Tatizo la pili ni gumu zaidi, na linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hapa lugha yetu ina utajiri ambao tafsiri iliyopo imeupuuza. Tafsiri nyingi hutumia tukio kwa kila kinachoandikwa. Tukio limetokana na kitenzi tukia, na kitenzi hicho hakina mtendaji. Jambo hutukia; hakuna mtu anayelitukia. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya kusini mwezi wa Mei, 2024, na mafuriko yakaikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam katika eneo la Somanga, hilo lilikuwa tukio. Abiria akibonyeza kitufe akalipa nauli, hilo si tukio. Ni tendo, na lina mwenyewe.

Ndiyo sababu maneno "tukio la mteja" yana ladha mbaya kwa msomaji wa kawaida. Aliyezoea kusoma magazeti atadhani mteja amepatwa na jambo, pengine ameibiwa. Na tafsiri ya "tunaandika matukio yako" haimwambii kwamba yanayoandikwa ni mambo aliyoyafanya yeye kwa hiari yake.

Tena kuna ugumu wa ndani ya kazi. Lugha ya JavaScript yenyewe imejengwa juu ya matukio ya mashine: ujumbe umefika, muda umekwisha, faili limesomwa. Mashine husubiri mambo hayo na kuyaitikia. Mfasiri akiliita tukio jambo la mashine na tendo la mteja kwa pamoja, ukurasa mmoja wa mwongozo utakuwa na neno moja lenye maana mbili, na mwanafunzi atapotea.

Tunapendekeza basi tofauti iliyomo katika lugha itumiwe. Alilolifanya mtu kwa kukusudia liwe tendo: kutafuta safari, kuchagua kiti, kulipa, kufuta tiketi. Lililotokea bila ya kukusudiwa na mteja liwe tukio: malipo yamekataliwa na mtandao, muda wa tiketi umekwisha, safari imeahirishwa. Wako watakaosema kwamba mafundi wataona taabu kuwa na maneno mawili mahali wenzao wa lugha nyingine wana moja. Tunajibu kwamba tofauti hiyo inawafaa mafundi wenyewe. Mwenye kampuni ya mabasi anayetaka kujua kwa nini watu hawamalizi kukata tiketi, lazima ajue ni wangapi waliacha wenyewe na ni wangapi waliangushwa na mtandao. Wa kwanza walitenda. Wa pili walitukiwa.

Hapo ndipo linapoingia suala la kuyapa matendo majina. Desturi ya mafundi wa ng'ambo ni kutaja kitu kwanza, kisha hali ya kuwa jambo lake limekwisha. Kiswahili kina umbo lililo tayari kwa kazi hiyo: Tiketi Imelipwa, Kiti Kimechaguliwa, Safari Imeahirishwa. Kiambishi -me- kinaonyesha kwamba jambo limetimia na athari yake ipo, na upatanisho wa ngeli unarudia kutaja kitu chenyewe. Lakini umbo hilo la kutendwa humficha mtendaji. Katika kumbukumbu ya seva hakuna hasara, maana nambari ya mtendaji imeandikwa pembeni. Katika maelezo ya kusomwa na raia hasara ipo. Huko iandikwe: "Tunaandika kwamba umelipa, lini, na kwa njia gani."

Neno "kufuatilia"

Sasa tunafika kwenye neno lililotupa kichwa cha makala hii. Kitendo cha kuandika kumbukumbu moja kimefasiriwa mara nyingi kuwa kufuatilia. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hivyo lina asili ya kufuata nyayo, na mfasiri aliona nyayo akaandika nyayo. Je, tafsiri hiyo ni sahihi?

Tulitazame umbo lake. Fuata hutoa fuatia, na fuatia hutoa fuatilia. Kurudiwa kwa kauli ya kutendea kunaongeza nguvu na kuendelea: kufuata mpaka mwisho, bila ya kuacha. Polisi humfuatilia mtuhumiwa. Mwindaji humfuatilia mnyama aliyejeruhiwa. Na raia wa nchi hii hufuatilia faili lake ofisini, mara tatu, mara nne, mpaka karani amhurumie. Tuliangalie hilo la mwisho. Katika matumizi yetu ya kila siku, anayefuatilia aghalabu ni raia, na kinachofuatiliwa ni ofisi. Istilahi mpya imegeuza mambo: ofisi ndiyo inayomfuatilia raia, na raia haambiwi kwamba mambo yamegeuka.

Kwa hiyo neno hili lina makosa mawili yanayopingana. Kwanza, linazidisha. Kuandika kwamba tiketi moja imelipwa si kumfuatilia mtu, kama vile karani wa forodha aliyeandika jahazi limeingia na gunia ngapi za ufuta hakuwa akimfuatilia nahodha. Msomaji anayeambiwa "tunakufuatilia" kwa sababu ya kumbukumbu moja hutishika bure. Pili, na hili ndilo baya zaidi, linafanya neno hilo lichakae, hata likifika mahali linapostahili halisikiki tena. Maana kufuatilia kwa kweli kupo. Kumbukumbu mia za mtu mmoja zikiunganishwa kwa nambari yake, zikapangwa kwa siku na saa, mwenye kuzisoma aweza kujua mtu huyo husafiri lini, hulala wapi, na fedha zake huja katika msimu gani. Huko ni kumfuatilia, na hakuna neno la upole linalostahili kuwekwa mahali pake.

Mara nyingi lakini ndivyo ifanyikavyo. Maelezo ya huduma hutumia kufuatilia kwa jambo jepesi, na kwa jambo zito hutumia maneno kama "kuboresha huduma zetu". Kuboresha huduma ni kusudi, si kitendo. Mfasiri anayekubali kuliweka kusudi mahali pa kitendo amemsaidia mwenye huduma kuficha, hata kama hakunuia.

Pendekezo letu ni kutenganisha. Kitendo kimoja kiitwe kuandika kumbukumbu. Kuunganisha kumbukumbu za mtu mmoja kwa muda kuitwe kufuatilia, waziwazi. Kurekodi tumekiacha kwa sababu wasomaji wengi husikia humo sauti na picha. Kunakili ni kutoa nakala ya kitu kilichopo, na hapa hakuna cha kunakiliwa.

Asiyejulikana na asiyetajwa

Neno jingine la hatari ni lile linalomhusu mteja ambaye bado hajaingia kwa jina lake. Programu humpa nambari ya muda, na tafsiri nyingi humwita "mtumiaji asiyejulikana". Maneno hayo si ya kweli. Mtu huyo akiingia kwa nambari yake ya simu, nambari ya muda yaweza kuunganishwa na jina lake, na yote aliyoyafanya kabla ya hapo yakawa yake. Na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uliokamilishwa mwaka 2020, nambari ya simu ya Tanzania ina mtu nyuma yake.

Kiswahili kinajua kutofautisha kutojulikana na kutotajwa. Aliyeketi barazani amejifunika shuka hakutajwa, lakini akiinuka tu ajulikana ni nani. Tuseme basi "mgeni asiyetajwa". Neno hilo linamwambia msomaji ukweli: jina lako halijaandikwa bado, nalo laweza kuandikwa.

Saa na tarehe

Umuhimu wa kuandika wakati hauhitaji kutetewa mbele ya watu wa Kilwa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina jina la mtawala na maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu, lakini hazina mwaka. Upungufu huo umewasumbua wanahistoria sana. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka Sultani Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya sarafu huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ambamo sarafu za mtawala huyo zilichanganyika na dinari za kigeni zenye tarehe za karne ya 11, na wataalamu wakalazimika kumrudisha nyuma kwa zaidi ya karne moja. Kumbukumbu yenye mtendaji na isiyo na wakati hubaki ikisubiri kusaidiwa na ya jirani.

Kwa istilahi yenyewe, muhuri wa wakati unafaa. Lakini mfasiri aangalie saa. Seva nyingi huandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Sisi nasi huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Basi linaloondoka saa 12 asubuhi kwa Kiswahili huandikwa 6:00 katika ratiba za kizungu na 03:00 kwenye seva. Mfasiri wa ripoti anayeandika "saa 3" bila ya kueleza ni saa ipi, ameliondoa basi saa tatu baada ya wakati wake. Sheria ya kufuata ni rahisi: katika maandishi ya raia itumike saa ya Kiswahili pamoja na neno la sehemu ya siku, na katika kumbukumbu za seva zibaki tarakimu zake, nazo zielezwe ni za saa ipi.

Mafungu na batli

Kuhusu kupeleka kumbukumbu kwa pamoja, hatuoni sababu ya kutafuta mbali. Sokoni samaki huuzwa kwa fungu. Fungu ni vitu vilivyokusanywa pamoja ili viende pamoja, na ndiyo maana inayotakiwa. Tuseme fungu la kumbukumbu, na kupeleka kwa mafungu. Kile kitendo cha kupeleka zilizobaki kabla seva haijafungwa tukieleze kwa maneno ya kawaida: kupeleka fungu kabla halijajaa. Si kila kitendo cha mashine kinahitaji neno moja. Mahali penginepo sentensi fupi inashinda istilahi.

Daftari linalopokea kumbukumbu hizo kwa mfuatano limezua mjadala. Kamusi zetu za zamani zina neno batli, neno la mabaharia linalohusu kupima na kuandika mwendo wa chombo. Ni neno zuri, fupi, na lina harufu ya pwani hii. Kanuni yetu ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, Kimgao cha Kilwa kikiwemo, kabla ya kwenda kwingine, inatushawishi tulichukue. Hata hivyo, tusijidanganye. Vijana wengi wa leo, hata wa pwani, hawalijui. Neno lililosahauliwa ni geni sawasawa na neno la kukopa. Tofauti ni kwamba la kukopa msomaji anajua kwamba halijui. Kwa hiyo tunashauri batli lifundishwe vyuoni na litumike katika miongozo ya mafundi, ambao wana muda wa kujifunza. Raia aandikiwe kumbukumbu.

Somo la stakabadhi ghalani

Kwa kuwa tumekosoa mengi, ni haki tutaje istilahi iliyofaulu, na mfano ulio karibu ni ule wa mikoa ya kusini yenyewe. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, ulianza kutumika kwa korosho huko Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ukaenea Lindi. Mkulima hupeleka korosho katika chama chake cha msingi, hupimiwa, na hupewa karatasi inayosema kilo ngapi na daraja gani. Korosho huuzwa kwa mnada, na fedha hufuata karatasi.

Istilahi hiyo ina mambo matatu ya kuigwa. Kwanza, imeundwa kwa maneno yaliyokuwa yakijulikana. Ghala analijua kila mtu, na stakabadhi ni ndugu wa kabidhi, neno la amana. Pili, inataja kitu anachokishika mwandikwaji, si kitu anachokishika mwandikaji. Tatu, inaonyesha mahali: mali iko ghalani, ushahidi uko mkononi. Mfumo wenyewe umelaumiwa mara nyingi, kwa kuchelewa kwa malipo na kwa wingi wa makato. Lakini mkulima aliweza kulalamika kwa sababu neno lilimwonyesha cha kulalamikia. Aliposhika karatasi bila ya fedha, alijua anadai nini na anamdai nani. Kadhalika watu wenyewe walikuwa na neno lao, kangomba, la kuitaja biashara ya kumnunulia mkulima korosho zake nje ya utaratibu kwa bei ya kumnyonya. Hilo nalo halikuhitaji kamati.

LUKU ni mfano mwingine. Herufi nne zinazosimama badala ya "Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia" zinamwambia mnunuzi afanye nini na atatozwa vipi. Tukilinganisha na "ufuatiliaji wa matukio ya mteja" tunaona umaskini wa tafsiri hiyo. Haisemi nani anaandika, haisemi mwandikwaji anabaki na nini, wala haisemi daftari liko wapi.

Mapendekezo

Kwa kufupisha, tunawawekea wafasiri na walimu maneno yafuatayo wayapime:

Mteja: mtu anayenunua au kutumia huduma, lisitumike kwa programu.

Upande wa kifaa. Upande wa seva: mahali programu inapofanyia kazi.

Tendo: jambo alilolifanya mteja kwa kukusudia.

Tukio: jambo lililotokea bila ya kukusudiwa na mteja, au ishara inayoitikiwa na mashine.

Kuandika kumbukumbu: kuhifadhi tendo au tukio moja pamoja na wakati na sifa zake.

Kufuatilia: kuunganisha kumbukumbu za mtu mmoja kwa muda ili kujua mwenendo wake.

Mgeni asiyetajwa: mteja ambaye jina lake halijaunganishwa na kumbukumbu zake.

Muhuri wa wakati: tarehe na saa ya kumbukumbu, pamoja na kutaja ni saa ipi.

Fungu: kumbukumbu kadhaa zinazopelekwa pamoja.

Batli: daftari la kumbukumbu kwa mfuatano, katika maandishi ya mafundi.

Uchanganuzi: kuzigawa kumbukumbu katika mafungu na sehemu ili kupata maana yake. Uchambuzi ubaki kwa kazi ya kutenga kizuri na kibaya.

Hitimisho

Maneno haya hayakuletwa ili yafunge mjadala. Wenzetu wa Kenya na wa Zanzibar wana mazoea yao, na mafundi wenyewe wana haki ya kusema. Lakini tunaomba kila pendekezo, liwe letu au la mwingine, lipimwe kwa njia moja. Lisomwe kwa sauti mbele ya abiria anayengoja basi Nangurukuru, ambaye huenda lugha yake ya nyumbani ni Kimatumbi au Kimwera na Kiswahili alikipata shuleni. Kisha aulizwe maswali matatu: nani anaandika, anaandika nini, na wewe waweza kukataa? Akijibu yote, istilahi imefaulu. Akishindwa, kosa si la abiria, na maandishi yarudishwe kwa mfasiri kabla neno "Nakubali" halijawekwa chini yake.